Muulize Senje: Ukisema tumbo, utapimwa tumbo

Barua za mwezi huu ni tatu, moja ya Nakuru, moja ya Kisumu na moja ya huko kwetu Kakamega, na zote zimeongea ugonjwa mmoja wa hedhi, endometriosisi, bila kupangana. Nimezifupisha kidogo tu. Ya kwanza nimeijibu mrefu, mtanivumilia.

*Senje habari. Nina miaka 27, nakaa Free Area hapa Nakuru na niko keshia kwa supamaketi moja tauni. Shida yangu ni mwezi. Siku mbili kabla nianze tumbo la chini linaanza kuvuta, nikishaanza sasa siwezi simama, inashuka hadi mapaja na mgongo, natapika, naendesha, na nikienda choo kubwa naona kama kuna wembe ndani. Kwa kaunta hatukai, ni kusimama kutoka saa mbili hadi saa kumi na moja. Mwezi jana nilianguka kastoma akiwa mbele yangu nikipiga hesabu ya unga. Nimetibiwa taifodi mara nne, nikatibiwa UTI, nikaambiwa ni alsa, nikafanyiwa skani wakasema kila kitu iko sawa niende nyumbani. Supavaiza wangu anasema hata yeye ni mwanamke na huenda mwezini na haanguki. Mamangu anasema nikizaa itaisha. Nakosa kazi siku tatu kila mwezi hadi nimepewa barua ya onyo. Juzi nikasoma kuhusu kitu inaitwa endometriosisi nikaona ni kama wananiongelea mimi. Ama najitia tu wasiwasi? – Aliyechoka, Free Area*

Aliyechoka mwanangu, hapana, hujitii wasiwasi. Maumivu ya kukuangusha kwa kaunta si ya kawaida, na mimi nakwambia hivyo nikiwa mtu aliyewahi kusema kinyume. Nilikuwa nesi miaka 30 na kwa hiyo miaka nimeambia wasichana wengi sana vumilia, ukizaa itaisha. Niliamini, ndivyo tulivyopokea kwa walionitangulia. Kisha ikaja kwa nyumba yetu. Mdogo wangu, mwalimu wa praimari, alianza kuumwa akiwa na miaka 14 na akajua ugonjwa wake unaitwaje akiwa na 34, na hapo katikati alizaa watoto wawili na kila mara mtoto akiacha kunyonya na mwezi ukirudi maumivu nayo yanarudi palepale yalipokuwa. Siku daktari alimwambia alinipigia simu akiwa kwa korido ya hospitali akalia kitambo kabla aseme neno, na mimi nikajua sehemu ya hicho kilio ni deni langu.

Sasa sikiza vile iko. Mfuko wa uzazi una utando ndani, kila mwezi unajijenga kungoja mimba, mimba isipokuja unabanduka unatoka, hiyo ndiyo damu. Endometriosisi ni pale vinyama vinavyofanana na huo utando vinaota nje ya mfuko, kwa ovari, kwa mirija, nyuma ya kizazi pale karibu na utumbo, wengine hadi kwa kibofu. Navyo vinasikia homoni zilezile za kila mwezi, vinavimba, vinavuja damu, lakini hiyo damu haina mlango wa kutokea. Inabaki humo ndani inachoma, panakuwa na makovu, na viungo ambavyo vilikuwa vinateleza kila kimoja kivyake vinagandana kama ukoko kwa sufuria ya ugali. Ndio maana choo inakuuma kama wembe. Ndio maana unaendesha siku hizo na wiki zingine uko sawa. Taifodi haiji na kalenda mkononi, mwanangu, hicho ndicho kitu mtu angekuuliza mara ya kwanza kabisa kabla akuandikie dawa: hii tumbo inakushika lini?

Na hapa ndipo nataka tuongee vizuri juu naona shida kubwa iko kwa lugha yetu. Sisi tumefunzwa tangu tukiwa wadogo kwamba mwezi hautajwi. Tunasema niko vibaya, tunasema nina mgeni, tunasema tumbo. Unafika kwa kliniki, daktari pengine ni kijana wa rika ya ndugu yako, unasema tumbo inauma. Ukisema tumbo, utapimwa tumbo. Utatolewa damu ya taifodi, utapewa dawa za asidi, utarudi nyumbani na karatasi ya dawa na mwezi ujao utarudi tena. Mdogo wangu alimeza dawa za taifodi za kutosha kujaza duka.

Kwa hivyo nataka ununue daftari, lile la kawaida tu la watoto wa shule. Andika tarehe ulipoanza na tarehe ulipomaliza, pedi ngapi kwa siku, maumivu kati ya sufuri na kumi, ulitapika ama la, choo iliuma ama la, ukikojoa je, kama una mpenzi basi tendo lenyewe linauma ama la (hapo usione haya, ni moja ya dalili kubwa), ulimeza dawa gani na ilisaidia saa ngapi. Na mwisho wa kila mwezi andika siku ulizopoteza. Si siku za kazi pekee, zote, hata ile Jumapili ulilala hukuenda kanisa na ile siku ya chama ulituma pesa na mtu. Lakini usingoje miezi mitatu ijae ndipo uende hospitali, anza na unayokumbuka nyuma, nenda hivi karibuni, na ukiingia usiseme tumbo. Sema: daktari, kila mwezi nikianza hedhi napoteza siku tatu za kazi kwa maumivu na nilianguka. Hiyo sentensi hawezi kuipima na taifodi.

Skani yako kuwa safi isikuvunje moyo. Ultrasaundi ya kawaida inaona vitu vikubwa, mfano sisti za ovari zenye damu nzee, zile wanaita sisti za chokoleti juu ya rangi yake, lakini vile vidonda vidogo vilivyotapakaa ndani mara nyingi haivioni. Zamani ilikuwa lazima ufanyiwe laparoskopi, ile opresheni ya kutoboa tundu dogo karibu na kitovu na kuingiza kamera, ndipo uambiwe unayo. Siku hizi madaktari wengi hawangoji hiyo, hata mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa 2022 ulisema matibabu yanaweza kuanza kwa kufuata dalili zako, opresheni ije baadaye ikihitajika. Kwa hivyo chukua barua ya rufaa kwa kliniki iliyo karibu nawe, hakikisha bima yako ya afya ya SHA imelipwa, uende kwa daktari wa wanawake pale hospitali ya Nakuru Level Five, ile wengine wetu bado tunaita PGH.

Matibabu yapo, ingawa dawa ya kuimaliza kabisa haijapatikana na anayekuuzia chupa akisema inamaliza usimpe pesa yako. Za maumivu kama ibuprofeni zinafanya kazi vizuri zaidi ukianza mapema, siku ile unasikia inakuja, ukiwa umekula, si ukingoja hadi uko sakafuni. Ila wewe uliambiwa una alsa, hizo dawa zinaweza kuichokoza, kwa hivyo ongea na daktari kwanza kabla ununue kwa kemisti. Kisha kuna za homoni, tembe, sindano, koili ile yenye homoni (ile ya kopa hapana, inaweza kuongeza damu na maumivu), na kuna tembe inaitwa dienojesti ambayo ni ya ugonjwa huu hasa. Zote kazi yake ni kunyamazisha ule mwezi wa ndani ili vidonda visichokozwe. Moja ikikukataa, uvimbe ama moyo uwe mzito, rudi ubadilishiwe, hiyo haimaanishi zote zimekukataa. Halafu kuna opresheni ya kuvitoa vyenyewe, ambayo inasaidia wengi lakini vinaweza kuota tena.

Kuhusu ukizaa itaisha. Mimba inasimamisha mwezi, kwa hivyo wengine wanapumzika hiyo miezi, wengine hata hawapumziki. Mwezi ukirudi, nayo inarudi. Mama yako anakupenda na anasema alichoambiwa na mama yake, mwambie Senje ambaye alikuwa anasema hivyohivyo ameacha. Usizae ili upone.

Wengine watakuambia ni ya waliotoa mimba, ama waliotumia dawa za kupanga uzazi, ama uchafu. Yote si kweli. Kwa nini inaota haijulikani yote, daktari Mmarekani John Sampson miaka ya 1920 alisema damu ya mwezi hurudi nyuma kupitia mirija, na ni kweli hurudi, lakini hurudi kwa wanawake wengi na si wote wanaugua. Kurithi kupo. Uliza shangazi zako na mama yako mdogo vile miezi yao ilikuwa, utashangaa ni nani hajawahi kuulizwa. Shirika la Afya Duniani linasema ni karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio kwa umri wa kuzaa, kama milioni 190. Panga wanawake kumi kwa foleni ya matatu za Free Area jioni, mmoja anaweza kuwa amesimama hapo ameshika mfuko akibonyeza tumbo nao.

Sasa kazi. Sheria ya ajira ya 2007 inasema ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo una haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na zingine 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, ukiwa na barua ya daktari. Zote ni 14. Wewe unapoteza tatu kila mwezi, hiyo ni 36. Unaona vile hesabu inakataa? Mwanamke anaumwa siku 36 na sheria imempa 14, hizo zingine 22 anazilipa na nini, na likizo yake, na uongo kwamba shosh amelazwa, na kusimama kaunta akiwa amemeza tembe sita. Zambia wako na siku moja kila mwezi ambayo mwanamke anachukua bila kuulizwa barua ya daktari. Moja ni kidogo lakini hakuna anayemdanganya bosi. Kwako kwa sasa jibu hiyo barua ya onyo kwa maandishi, kwa heshima, useme uko kwa matibabu, weka nakala ya karatasi za hospitali, na uombe kitu kidogo, stuli ya kukalia kaunta siku hizo na ruhusa ya kwenda choo. Stuli si gharama. Mpe supavaiza nafasi ya kukubali, huenda hata yeye hajawahi kuelezwa.

Na kwa vile umejiita Aliyechoka, pima damu yako pia. Ukivuja sana kila mwezi damu inapungua na hakuna usingizi utakaoitosheleza.

*Senje, mimi ni mwanaume sijui kama naruhusiwa kuandika huku. Niko Nyalenda, Kisumu, naendesha boda. Tumeoana miaka minne na bado hatujapata mtoto. Mke wangu anauza omena Kibuye. Tukikutana analia, na sikufichi kuna wakati nilifikiria ana mtu mwingine, tukagombana vibaya. Sasa ameonwa na daktari wameona sisti kwa ovari ya kushoto wakasema ni endometriosisi. Mamangu anasema ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, kuna kitu tuliruka tukijenga. Atazaa huyu? Na nitamwambia nini mamangu? – Baba asiye na mtoto bado*

Unaruhusiwa omera, na ningependa wenzako waige.

Anza na jambo la kulia kwake, juu hilo ndilo lililowaumiza wote wawili. Vidonda vikiwa nyuma ya kizazi, tendo la ndoa linavigonga moja kwa moja. Wengine inauma hapo hapo, wengine inaanza baadaye na kukaa hadi kesho yake. Mwanamke akishaumia mara kadhaa mwili unajikaza wenyewe hata kabla umguse, na wewe kwa giza unasoma hiyo kukazika kama kukataliwa. Hakuwa anakukataa. Nenda umwambie hivyo leo, kwa maneno yako, na umwombe msamaha wa lile la mtu mwingine, usiliache lijifie lenyewe. Kisha mkubaliane kwamba akisema simama unasimama na hakuna kununa. Siku zingine za mwezi ni afadhali kuliko zingine, yeye anazijua, na akiwa yeye ndiye anaongoza inauma kidogo kuliko wewe ukiongoza. Na kuna usiku mtalala tu mkiongea, nao ni usiku wa ndoa.

Atazaa? Wengi wenye endometriosisi wanazaa, na wengi bila kufanyiwa kitu chochote. Wengine wanachelewa na wanahitaji usaidizi, na kwa wachache inakuwa ngumu kweli, siwezi kukuahidi kitu kutoka huku. Lakini miaka minne ni mingi, msikae tena mwaka mkingoja. Tena mwambieni daktari wazi kwamba mnatafuta mtoto, juu dawa nyingi za homoni za kutuliza huu ugonjwa zinazuia mimba, akipewa hizo bila kusema mtakuwa mnavuta kamba pande mbili. Opresheni ya kutoa sisti inaweza kusaidia na pia inaweza kupunguza mayai ya hiyo ovari, kwa hivyo uliza faida na hasara kabla mtie sahihi. Pale Russia, ile hospitali kubwa ya Jaramogi hapo Kisumu, kuna kliniki ya wanawake, ombeni rufaa, muingie pamoja, na wewe siku hiyo upimwe mbegu zako. Ndiyo, wewe. Miaka minne amepimwa yeye peke yake na wewe hujaulizwa hata swali.

Kuhusu mama. Mimi ni Mluhya sitakuja kwenu kufundisha mambo ya chira, na sitaki umvunjie mama heshima. Ila kuna picha ya skani na hiyo sisti ina vipimo vyake vimeandikwa. Usiende kubishana na yeye peke yako. Tafuta waya yako, yule dada ya baba ambaye mama humsikiza, mweleze kila kitu na umwachie picha, aende yeye. Mambo ya uzazi yakitoka kinywani mwa waya yanaingia sikio ambalo lako haliwezi. Na wakati huo wote mke wako asisikie neno chira likitoka kwako hata kwa kunukuu.

Kitu kingine kidogo. Siku zake zikifika usimwache aamke saa kumi alfajiri kuchukua mzigo. Uko na pikipiki. Mletee omena wewe, mwachie chupa ya maji moto imefungwa kwa kitambaa, atakukumbuka kwa hilo kuliko maneno.

*Mulembe Senje. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili bodingi, mimi niko Shinyalu. Kila mwezi naitwa shuleni. Metroni anampa Panadol, mwalimu wa darasa anasema anajifanya kukwepa hesabu. Muhula uliopita alichafua godoro usiku akaamka kulifua peke yake kwa baridi wenzake wasione. Daktari amesema anaweza kuwa na endometriosisi na anataka kumwanzishia tembe za kupanga uzazi. Baba yake amekataa kabisa, anasema huko ni kumfungulia njia na tena hatazaa. Nifanye nini? – Mama Kidato cha Pili*

Mulembe mno mama.

Mpe, baada ya kuketi na baba yake. Hizo tembe kwa binti yako ni dawa ya maumivu na ya kupunguza damu, jina la kupanga uzazi ndilo linawatisha. Hazimfanyi asizae, akiziacha mwezi wake unarudi. Kinachoweza kusumbua uzazi ni huo ugonjwa ukiachwa ukue bila kuangaliwa. Mwombe daktari amweleze baba ana kwa ana, baba wengi wakielezwa na karatasi mkononi wanalegea, na umwambie baba hivi: huyu mtoto amelala chini kila mwezi tangu aanze, nani kati yetu amelala naye? Usikubali tu aanzishiwe sindano ile ya miezi mitatu bila kuuliza sana, kwa wasichana wa umri huo ina maneno yake kuhusu mifupa.

Wengi mtamkumbuka Njambi Koikai, yule wa rege na redio. Alisema hadharani vile aliteseka tangu akiwa msichana, ugonjwa ukafika kifuani, mapafu yakawa yanashuka, akaenda hadi Atlanta huko Marekani kupasuliwa, na akatuacha tarehe 3 Juni 2024 akiwa na miaka 38. Kufika kifuani ni nadra, sikutajii ili ukose usingizi. Nakutajia juu alisema kwa sauti kitu ambacho hata mapadri na walimu wetu wanakizungukia, na sasa wewe ukienda kwa ofisi ya mwalimu mkuu kuna neno unaweza kulitumia. Nenda na barua ya daktari. Omba binti aruhusiwe kumeza dawa yake kwa wakati na si mpaka apate ruhusa, apewe kitanda cha chini karibu na choo, na akilala siku hizo anakiliwe masomo. Serikali tangu 2017 inatakiwa kumpa pedi shuleni, uliza ziko wapi pia.

Na shule ikifunguliwa mnunulie godoro lingine na plastiki ya kulifunika, na shuka mbili za rangi nzito. Ukimpa usiseme kitu kuhusu lile la kwanza.